Sura ya Tatu: Adui wa Saa Sita Mchana

Mzee Amuni alikwenda kwa Antoni kumwomba ushauri. Makazi yake ya Nitria, kusini-mashariki mwa Aleksandria, yalikuwa yamejaa wakaapweke, na baadhi yao walitamani kuhamia mahali penye kimya zaidi. Waende umbali gani? Antoni alishauri wale kwanza chakula chao cha saa tisa alasiri, kisha watoke wakapatazame jangwani. Walitembea mpaka jua likazama, wakasali, wakasimika msalaba. Hapo ndipo pa kujenga, akasema Antoni, ili ndugu wa Nitria wakishakula saa tisa waweze kuja kuwaona wenzao, na wa huku waende kule, pasipo mtu kuvurugika moyo. Ndivyo yalivyoanza makazi ya Kelia, takriban mwaka 338.

Wamisri wa zama zile walihesabu saa za mchana kuanzia macheo, kama tunavyohesabu Waswahili, kwa hiyo saa tisa yao ni saa tisa yetu. Jambo hilo litatufaa baadaye. Kwa sasa tutazame kipimo chenyewe: baba wa wakaapweke alipima upweke kwa mwendo wa ndugu anayekuja kutembelea. Wapo wanaoyasimulia maisha ya jangwani kama chuki dhidi ya wanadamu. Kisa hiki peke yake kinatosha kuwakanusha.

Antoni alizaliwa mwaka 251 hivi, mtoto wa wakulima wenye mali. Wazazi wake walikufa yeye akiwa kijana wa miaka kama ishirini, wakamwachia mashamba na mdogo wake wa kike. Siku moja kanisani alisikia ikisomwa Injili ya tajiri aliyeambiwa na Yesu auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Akavitoa vyote, dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu, akaanza kuishi kando ya kijiji, akijifunza kwa mzee mmoja wa jirani. Baadaye alihamia makaburini, halafu kwenye ngome iliyoachwa, akakaa humo peke yake takriban miaka ishirini. Husemwa mara nyingi kwamba wamonaki walikimbilia jangwani kwa sababu Kanisa lilikuwa limestarehe baada ya kupewa uhuru mwaka 313. Kwa waliofuata baadaye, hoja hiyo ina uzito wake. Lakini Antoni alitoka nyumbani zaidi ya miaka arobaini kabla ya uhuru huo, wakati Mkristo bado angeweza kuuawa kwa imani yake. Kilichomtoa ni neno alilolisikia, akaliamini kama lilivyo.

Siku ya mkaapweke ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuiishi. Aliloweka majani ya mtende, akasuka kamba, mikeka na vikapu vya kuuza, huku midomo ikirudia zaburi alizozishika kwa moyo. Alikula mara moja kwa siku: mkate uliokaushwa, chumvi, pengine mafuta kidogo. Jumamosi na Jumapili alikwenda kusali na wenzake. Siku nyingine zote alikuwa chumbani, yeye na mawazo yake.

Na hapo ndipo penye kiini cha sura hii. Watu hawa hawakuliendea jangwa kutafuta maono wala raha ya utulivu. Waligundua kwamba mtu akiondokewa na shughuli, watu na kelele, kinachobaki ni mawazo, nayo yanapiga kuliko njaa.

Aliyeyachunguza kwa makini kuliko wote ni Evagri wa Ponto. Alikuwa shemasi msomi wa Constantinople mwenye sifa na mustakabali mzuri, mpaka alipompenda mke wa mtu mwenye cheo. Akakimbilia Yerusalemu, na huko mtawa Melania alimsihi aende Misri. Aliishi Nitria, kisha Kelia, akijipatia chakula kwa kunakili vitabu, akafa mwaka 399. Alitaja mawazo manane yanayomsumbua mmonaki: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno na kiburi. Hakuyaita dhambi. Alifundisha kwamba kujiwa na wazo hakumo katika uwezo wetu, bali kulikaribisha likae kumo.

La sita katika orodha ndilo alilolieleza kwa undani unaoshangaza. Adui huyu, asema, huja kati ya saa nne na saa nane za mchana, jua likiwa kali. Jua linaonekana limesimama, na siku imekuwa na saa hamsini. Mmonaki anatazama dirishani. Anatoka nje kukadiria ni muda gani umebaki kufika saa tisa, wakati wa kula. Anachungulia kama kuna ndugu anayekuja. Kisha anaanza kukichukia chumba na kazi ya mikono, anaona upendo umetoweka miongoni mwa wenzake na hakuna wa kumfariji. Anawakumbuka jamaa zake. Anajiambia kwamba Mungu anaweza kuabudiwa popote, basi kwa nini iwe hapa?

Nani kati yetu hajawahi kukaa mbele ya kazi yake saa tano asubuhi akiwa katika hali hiyohiyo? Evagri aliona kwamba uchovu huu si uzembe, kwa maana mtu aliyeshikwa nao anaweza kuwa na pilikapilika nyingi. Hata huduma njema humjia kama kisingizio: yuko mgonjwa wa kutazamwa, yuko mama mjane wa kusaidiwa. Chochote kile, mradi asibaki alipo.

Dawa yao ilikuwa kubaki. Husimuliwa kwamba Antoni mwenyewe alishikwa na hali hiyo, akamlilia Mungu. Alipotoka nje akamwona mtu kama yeye ameketi anasuka kamba, akainuka kusali, akaketi tena kusuka. Alikuwa malaika, naye akamwambia afanye vivyo hivyo, ataokoka. Napenda kwamba malaika alikuja na kazi mkononi.

Pamoja na kubaki, kulikuwa na kufungua moyo. Kijana alikwenda kwa abba, yaani baba yake wa kiroho, kumweleza mawazo yake yote, hata ya aibu, maana wazo lililofichwa hupata nguvu. Wanawake nao walikuwa walimu: Sinkletika wa Aleksandria, aliyeitwa amma, yaani mama, alifundisha kwamba mtu anaweza kuishi katikati ya umati akawa mkaapweke moyoni, na anaweza kuishi peke yake akili ikiwa sokoni.

Na kipimo cha mafanikio? Hakikuwa kufunga. Akija mgeni, mfungo ulivunjwa na meza ikaandaliwa, kwa sababu kufunga kungekuwapo na kesho, ilhali mgeni ataondoka. Ndugu mmoja wa Sketi, makazi mengine ya wakaapweke, alipokosa, wazee walimwita Musa Mwethiopia, aliyewahi kuwa mkuu wa majambazi, aje kwenye baraza la kumhukumu. Alikwenda na mtungi unaovuja mgongoni. Walipomuuliza, akajibu kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma yake asizione, naye leo anaitwa kuhukumu kosa la mwingine. Wakamsamehe yule ndugu. Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha elimu yote ya jangwani: aliyeyatazama mawazo yake kwa muda mrefu hawi tena na haraka ya kumhukumu jirani.

Elimu hiyo ilisafiri. Yohane Kasiano aliipeleka kusini mwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya tano, na mwishoni mwa karne ya sita Papa Gregori Mkuu akaipanga upya ile orodha ya Evagri, ikawa vilema vikuu saba vinavyofundishwa katika katekisimu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo leo inafuatwa na wamonaki wa Peramiho, Ndanda na Hanga, inaagiza jioni yasomwe Mazungumzo ya Kasiano. Sketi yenyewe sasa inaitwa Wadi Natrun, kando ya barabara ya jangwani itokayo Cairo kwenda Aleksandria. Monasteri nne za kale bado zina wamonaki Wakopti wanaosali humo kila siku, na wageni hupokelewa. Mwenye nafasi ya kufika Misri asiishie kwenye piramidi.