Funga Damu Kwanza, Halafu Safari

Shimo la zahabu likibomoka kule Kabambare, ama panga likiteleza shambani hapa Nyangwe, watu wanakimbia kutafuta pikipiki ama mtumbwi. Ni vizuri. Lakini damu haingojei pikipiki.

Mtu mzima iko na damu karibu litri 5. Akipoteza litri 2, moyo unakosa kitu cha kusukuma. Waganga wanaita hiyo shoki. Midomo na viganja vinakuwa vyeupe, jasho la baridi linatoka, moyo unapiga mbio bila nguvu, anaomba maji, kisha anasema ovyo.

Fanya hivi. Kamata kitambaa safi, kandamiza pale damu inapotokea kwa mikono miwili, bila kuchungulia kila mara. Kikilowa, ongeza kingine juu. Mlaze chali, mfunike asisikie baridi. Hapana majivu, hapana udongo ndani ya kidonda. Hapana pombe. Damu ya mkono ama mguu ikikataa kusimama, funga kitambaa kipana kati ya kidonda na moyo, kaza kwa kijiti, andika saa. Usikifungue njiani: hiyo ni kazi ya munganga.

Na mama aliyezaa sasa hivi? Mtoto anyonye pale pale, mama afunikwe, safari ianze. Kuna dawa inayoitwa asidi tranexamiki. Utafiti wa 2017 juu ya wamama 20,060 katika inchi 21, Kongo yetu ikiwa ndani, ulionyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa 3 baada ya kuzaa, vifo vya kutoka damu vinapungua karibu theluthi moja. Saa 3 tu! Mkingoja bwana atoke shimoni ndipo akubali, zimekwisha.

Vijana, sikieni: serumu inasaidia, lakini serumu haiko damu. Damu inatoka kwa mtu tu. Mara moja wanachukua karibu mililita 450, wanaipima ukimwi, homa ya ini na kaswende, na mwili wako unairudisha. Basi mgonjwa akipelekwa Kasongo, wawili watatu wenye nguvu wamfuate, si kwa kulia tu.

Yule Msamaria alifunga vidonda kwanza, ndipo akampandisha mtu juu ya punda. Jumapili baada ya ibada, zoezeni kufungana vitambaa ninyi kwa ninyi. Siku ya shida ikute mikono inajua.