Seli Shina na Insulini: Tiba Iliyo Njiani, Dawa Isiyoachwa

Katika Milima ya Uluguru, kuanzia Nyandira hadi Kinole na Matombo, mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza huishi kwa insulini anayojidunga kila siku. Ndiyo maana habari kwamba maabara sasa huotesha seli za binadamu zinazotengeneza insulini hupokewa kwa matumaini makubwa. Matumaini hayo yana msingi, lakini yanahitaji maelezo, kwani mgonjwa wa aina hii akiacha insulini kwa kungoja tiba mpya anaweza kufariki ndani ya siku chache.

Kilichopotea mwilini

Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya seli viitwavyo visiwa vya Langerhans. Humo seli beta hupima sukari ya damu na kutoa insulini kwa kadiri inayohitajika. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huzishambulia seli hizo na kuziangamiza. Sindano hurudisha insulini, lakini hairudishi kipimo: kazi ya kupima na kukadiria humwangukia mgonjwa mwenyewe.

Namna seli mpya zinavyooteshwa

Seli shina ni seli ambayo bado haijapewa kazi maalumu, nayo huweza kugeuka kuwa seli za aina nyingi. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani alifanikiwa kuotesha seli shina kutoka katika kiinitete cha binadamu. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba hata seli za ngozi ya mtu mzima huweza kurudishwa katika hali hiyo. Maabara huiga hatua ambazo kongosho hupitia mimba inapokua: kwa wiki kadhaa seli hupewa protini na kemikali mbalimbali kwa zamu, hadi ziwe seli beta. Mwaka 2014 timu ya Douglas Melton wa Chuo Kikuu cha Harvard ilitangaza kupata kwa wingi seli zinazotoa insulini zinapokutana na glukosi.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 12 waliokuwa wakishukiwa na sukari kwa kiwango cha hatari. Seli zilizooteshwa kutoka kwa mtoaji mwingine ziliingizwa katika mshipa wa damu uelekeao kwenye ini. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuhitaji tena kujidunga insulini.

Kikwazo kilichobaki

Wagonjwa hao hulazimika kutumia dawa za kupunguza kinga ili seli ngeni zisikataliwe. Dawa hizo hufungua mlango kwa maambukizi, ikiwemo kifua kikuu. Mshiriki mmoja wa utafiti huo alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na fangasi. Nchini China, mwaka 2024, iliripotiwa kuwa mwanamke aliyepandikizwa seli zilizotokana na mwili wake mwenyewe aliacha insulini, lakini tayari alikuwa akitumia dawa hizo kwa sababu ya ini alilopandikizwa awali. Kwa hiyo tiba hii bado ni ya utafiti, na anayeiuza leo kama dawa iliyo tayari asiaminiwe.

La kufanya sasa

Mtoto mwenye kiu kali, anayekojoa mara kwa mara na kukonda apimwe sukari siku hiyohiyo. Akitapika na kuhema kwa kina, asidhaniwe kuwa na malaria pekee.

Insulini isiyofunguliwa ihifadhiwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, wala isigande. Pasipo na jokofu, itumike njia ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowana kati yake. Njia hii hupoza vizuri zaidi hewa ikiwa kavu. Katika ukungu wa milimani nguvu yake hupungua.

Anayeugua asiache insulini hata kama hali chakula. Badala yake apime sukari mara nyingi zaidi na kuwahi kituo cha afya. Tiba ya seli ikifika siku moja, itamfaa yule ambaye insulini ya leo imemfikisha siku hiyo.