Kisanskriti cha Yoga Mbele ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Mkulima wa miwa wa Bungoma huenda hajawahi kusikia habari za Kisanskriti, lakini maneno yenye asili yake huyatamka kila siku. Neno sukari limetokana na sharkara la Kisanskriti, likapitia Kiajemi na Kiarabu kabla ya kutua katika pwani yetu. Vivyo hivyo sukari guru, ambayo wengi wa magharibi mwa Kenya huiita sukari nguru: sehemu yake ya pili ina asili katika guda, yaani sukari ya miwa isiyosafishwa, nayo ilitufikia kwa njia ya lugha za India ya leo.

Makala haya yanakusudia kujibu maswali mawili. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza yoga, awe Bungoma au Kitale, ana nyenzo gani za kukikabili Kisanskriti? Na je, afanyeje na imani iliyomo ndani ya lugha hiyo? Swali la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika Ukristo au Uislamu.

Matamshi

Kisanskriti hutofautisha k na kh, t na th, p na ph. Herufi h hapa huonyesha mpumuo. Msemaji wa Kimvita anaifahamu tofauti hii, kwani paa, yule mnyama, hutamkwa kwa mpumuo, ilhali paa la nyumba halina mpumuo. Mwanafunzi aliyelelewa katika Lubukusu hana budi kuwa mwangalifu. Sauti kh katika khulima, yaani kulima, ni kikwamizo. Katika neno la Kisanskriti sukha, lenye maana ya raha, kh ni kipasuo chenye mpumuo. Herufi ni zilezile, sauti ni tofauti.

Sarufi na Msamiati

Neno yoga limetokana na mzizi yuj, wenye maana ya kufunga nira au kuunganisha. Mwanafunzi aliyezoea kuona jinsi unga inavyozaa ungana, kiungo na muungano hatashangazwa na mzizi mmoja kuzaa maneno mengi. Upatanisho wa kisarufi nao si mgeni kwake: katika Kisanskriti kivumishi hufuata jinsia, idadi na uhusika wa nomino. Ugumu upo katika wingi wa maumbo, kwani kuna jinsia tatu, idadi tatu (umoja, uwili na wingi) na hali nane za nomino. Mfumo huu ulichambuliwa na Panini, mwanasarufi aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, katika kanuni zinazokaribia 4,000.

Hata hivyo, kufanana kwa maneno kusitupotoshe. Guru, yaani mwalimu, kwa asili lina maana ya kitu kizito, wala halina uhusiano na guru ya sukari. Katika salamu namaste mna mzizi nam, kuinama kwa heshima. Unafanana mno na kitenzi chetu inama, lakini inama ni neno la Kibantu. Sukari tunaweza kuifuata njia yake kutoka lugha hadi lugha. Kwa nam na inama njia kama hiyo haipo, hivyo huo ni mfanano wa bahati tu.

Imani Ndani ya Maneno

Katika Yoga Sutra, matini inayohusishwa na Patanjali, yoga ina viungo vinane. Asana, yaani mikao ya mwili, ni kiungo cha tatu tu. Hutanguliwa na yama na niyama, ambazo ni miiko na nidhamu za maisha. Miongoni mwa yama ni ahimsa, kutodhuru, na satya, kusema kweli. Miongoni mwa niyama ni kujikabidhi kwa Ishvara, yaani Bwana. Baadaye huja udhibiti wa pumzi, kisha kutuliza hisi, hadi samadhi, utulivu wa ndani kabisa.

Kwa hiyo anayedai kwamba yoga ni mazoezi ya viungo tu hajayasoma maneno yake. Lakini naye anayedai kwamba kila aketiye kwa asana amekwisha badili dini anaharakisha hukumu. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku yake ya kimataifa. Ubishi huo haumwondolei mwanafunzi wajibu wa kuelewa.

Sisi wa Kiswahili tuna uzoefu wa jambo hili. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 hauwezi kufafanuliwa na asiyejali mafundisho ya Kiislamu. Wanafunzi Wakristo huusoma na kuufafanua bila kubadili dini zao, wala hawaufuti Uislamu wake ili uwafae. Heshima hiyohiyo ndiyo inayostahili kupewa Kisanskriti. Tena wenye mapokeo hayo si wageni kwetu: mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia, ambao wengi wao ni Wahindu, kuwa jamii ya 44 ya nchi hii.

Hitimisho

Darasa la yoga likianza kwa kutamka Om, silabi takatifu kwa Wahindu, anayeielewa anaweza kuitamka au kunyamaza kwa hiari yake. Asiyeielewa hufuata sauti za wengine. Hajakubali wala hajakataa. Ndiyo maana tunapendekeza mwanafunzi wa yoga aanze na kamusi mapema, sambamba na mkeka wake. Lugha haimlazimishi mtu kuamini, bali humwezesha kujua anachokiamini na asichokiamini.