Pumu ya ngozi: dagaa wa mama hana kesi

Mtoto wa miezi minne anajikuna mashavu mpaka yanatoa majimaji. Akikua kidogo, ukavu na mwasho huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku halali, na nyumba nzima hailali. Hapo ndipo mama huanza kuhojiwa: alikula nini alipokuwa mjamzito? Mkwaja, kijiji cha wavuvi wilayani Pangani, kitoweo kikuu hutoka baharini, kwa hiyo mshtakiwa wa karibu ni samaki. Yai nalo lina kesi yake ya zamani. Sehemu nyingi za nchi mjamzito hukatazwa kulila, eti mtoto atazaliwa kipara.

Pumu ya ngozi, au ukurutu, haiambukizi. Hufuata koo zenye pumu ya kifua na mzio. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walionyesha kuwa hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoijenga ngozi ya juu, huongeza sana uwezekano wa kuupata. Ngozi yenye hitilafu hiyo hupoteza maji upesi na kupitisha viwasho kwa urahisi.

Je, lishe ya mama ina nafasi gani? Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London walichambua tafiti zaidi ya 400 zilizohusu watu kama milioni 1.5. Hawakupata ushahidi kwamba mjamzito akiacha maziwa, mayai au karanga anamkinga mtoto. Mwiko huo, kwa maneno mengine, humnyima mama protini na usimpe mtoto chochote.

Walichokiona ni kwamba vidonge vya bakteria rafiki, vikimezwa mwishoni mwa ujauzito na wakati wa kunyonyesha, vilipunguza hatari ya ukurutu kwa asilimia 22. Asirukie mtu mtindi wa maziwa mabichi kwa sababu hiyo. Kidonge kina bakteria wa aina na kiasi kinachojulikana. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba.

Habari za samaki zinachanganya zaidi. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto 706: wale ambao mama zao walimeza mafuta ya samaki wakiwa wajawazito, asilimia 7 walipata ukurutu wa mzio kufikia mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Denmark, mwaka 2016, mafuta hayohayo yalipunguza pumu ya kifua kwa karibu theluthi, lakini ngozi hayakuisaidia. Dagaa hajathibitika kuwa kinga, basi. Ila kumshtaki ni kumwonea.

Vitamini D nayo ilijaribiwa kwa wajawazito wa Southampton, Uingereza. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha ukurutu ukipungua watoto walipofikisha mwaka mmoja, kisha tofauti ikafifia walipokua. Lakini Uingereza si Pangani. Waholanzi waliopima damu za Wamasai na Wahadzabe, wakachapisha mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii. Dawa ya kuziba upungufu wa jua haiwezi kuhamishwa ilivyo hadi pwani yetu.

Kwa mjamzito wa Mkwaja, sahani nzuri ni ya bei nafuu: dagaa na vibua wana mafuta yenye faida na zebaki kidogo. Papa na nduaro, wakubwa na wala-wenzao, hukusanya zebaki nyingi, hivyo papa ng'onda asubiri mpaka mtoto akue. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kliniki vinabaki palepale. Kazi yake ni damu na uti wa mgongo wa mtoto.

Na mtoto ambaye tayari anajikuna? Huko Ufilipino, mwaka 2014, watoto 117 walipakwa mafuta kwa wiki nane; mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kuunguzwa yalituliza ukurutu kuliko mafuta ya madini. Apakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na sabuni kali iwekwe mbali. Krimu za dukani zisizoandikwa na daktari ziachwe, maana nyingine zina steroidi kali zinazopunguza unene wa ngozi ya mtoto. Vidonda vikitoa usaha au mtoto akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyohiyo.