Utendaji wa seva pepe

Utendaji wa seva pepe ni kasi ambayo kompyuta pepe hufanya kazi zake wakati inatumia mashine moja halisi pamoja na kompyuta pepe nyingine. Kompyuta pepe huundwa kwa programu na ina mfumo wake wa uendeshaji, lakini prosesa, kumbukumbu na diski zake hutoka katika seva halisi inayoitwa mwenyeji. Programu inayogawa rasilimali hizo kwa wageni huitwa haipavaiza.

Historia

Mbinu hii ilianza miaka ya 1960 kwenye kompyuta kubwa za IBM. Kampuni ya VMware ilianzishwa nchini Marekani mwaka 1998 na kuieneza kwenye seva ndogo. Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003, na KVM iliingizwa katika Linux mwaka 2007.

Prosesa

Prosesa pepe haifanyi kazi mpaka ipewe zamu kwenye prosesa halisi. Wageni wakiwa wengi, hupanga foleni. Katika Linux, programu ya top huonyesha muda huo wa kusubiri kwa herufi "st". VMware huuhesabu kwa milisekunde katika kila kipindi cha sekunde 20: prosesa pepe iliyosubiri milisekunde 2,000 imepoteza asilimia 10 ya muda wake.

Kosa la kawaida ni kuiongezea prosesa kila mashine inayokwenda polepole. Kama tatizo ni foleni, nyongeza hiyo huirefusha, na majirani wote huumia. Mara nyingine dawa ni kupunguza prosesa pepe zisizotumika, au kumhamishia mgeni mmoja kwenye seva nyingine.

Kumbukumbu

Haipavaiza inaweza kuwaahidi wageni kumbukumbu kubwa kuliko iliyopo, kwa kuwa ni nadra wote kuihitaji kwa wakati mmoja. Ikipungua, hutumika mbinu ya puto, iliyoelezwa na Carl Waldspurger mwaka 2002: programu ndogo ndani ya mgeni huomba kumbukumbu, mgeni huachia asiyoihitaji sana, nayo hupewa mwingine. Isipotosha, mwenyeji huanza kuandika yaliyomo kwenye diski. Hapo kasi huanguka sana, maana diski ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde na kumbukumbu kwa nanosekunde.

Diski

Wageni kumi wanaosoma mafaili yao kwa mpangilio huifanya diski wanayoitumia pamoja irukeruke huku na huku. Snapshoti, yaani hali ya mashine iliyohifadhiwa kwa wakati fulani, nayo huwa mzigo ikiachwa muda mrefu, kwa sababu mabadiliko yote huandikwa katika faili la pembeni linaloendelea kukua. Snapshoti si nakala ya akiba: faili la msingi likiharibika, nayo haifai tena.

Kutafuta chanzo cha tatizo

Vipimo vya ndani ya mgeni peke yake vinaweza kupotosha, kwa kuwa mgeni haoni shughuli za majirani zake. Kwa hiyo vipimo vyake hulinganishwa na vya mwenyeji vya saa ileile. Inafaa pia kuwa na kumbukumbu ya vipimo vya siku za kawaida, na kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Yakibadilishwa mawili pamoja, haitajulikana lipi lililosaidia.