Chungu Kilichofunikwa

Sogeeni karibu, wanangu. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, asiyeona anasomaje masomo ya chuo kwenye kompyuta?" Hongera, mwanangu! Swali hilo watu wazima wengi hawajawahi kuliuliza, na wengine wao ni wahadhiri.

Anasoma kwa masikio. Ndani ya kompyuta yake kuna kisoma skrini. Kazi yake ni moja: kilichoandikwa, hukitamka. Kimojawapo kinaitwa NVDA. Mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, alianza kukitengeneza, kisha mwenzake James Teh akaungana naye. Wote wawili hawaoni. Walifahamiana utotoni, kwenye kambi ya muziki. Visoma skrini vya wakati ule viliuzwa ghali mno, basi wao wakaamua chao kitolewe bure. Hadi leo ni bure. Kinajua hata Kiswahili, ingawa hukitamka kama mgeni aliyeshuka jana bandarini.

Hebu tukiache kiseme chenyewe.

"Mimi ni Kisoma Skrini. Leo naingia darasani na mwanafunzi wangu. Darasa letu halina kuta, liko kwenye intaneti. Somo ni moyo wa binadamu. Nasoma, naye anasikia. Nasoma, naye anasikia. Mara nafika kwenye picha. Nasema, 'Picha.' Ananiuliza, 'Picha ya nini?' Sijui! Mbele yangu kuna chungu kilichofunikwa. Ndani mna wali? Mna maharage? Mna maji matupu? Sijui. Wa kukifunua ni yule aliyeiweka picha. Angeiandikia maelezo: 'Mchoro wa moyo wenye vyumba vinne.' Maneno sita tu, ningeyasoma na chungu kingekuwa wazi.

"Naendelea. Nafika kwenye kitabu. Kumbe hakikuchapwa, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kurasa 40, vyungu 40, vyote vimefunikwa! Nafika kwenye jaribio. Linataka jibu liburutwe kwa kipanya hadi kwenye kisanduku chake. Mwanafunzi wangu hatumii kipanya, maana mshale wake hauoni. Anatumia kibodi, na waliotengeneza jaribio hawakuikumbuka kibodi. Jibu analijua! Muda unakwisha, anapata sifuri."

Pole, Kisoma Skrini. Pumzika kidogo.

"Na kiziwi je, mjomba? Yeye si anaona?" Anaona, ndiyo. Umefikiri vizuri. Lakini kwenye video ya mhadhara anaona midomo tu ikichezacheza. Hicho nacho ni chungu kilichofunikwa. Hufunuliwa kwa manukuu, yaani yale maneno yanayopita chini ya video. Siku hizi kompyuta huyaandika yenyewe, lakini sikio lake halijakomaa. Majina ya watu huyavuruga, na maneno ya sayansi ndiyo usiseme. Lazima mtu ayapitie.

Sasa nawasimulia kisa cha kweli, cha Marekani. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliweka mihadhara yake kwenye intaneti ili dunia nzima isikilize bure. Karamu kubwa! Lakini video nyingi hazikuwa na manukuu ya kueleweka. Wafanyakazi wawili viziwi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, wakalalamika. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria ikasema malalamiko yao ni ya haki.

Mnadhani chuo kilifanya nini? Kilifunua vyungu? Hata! Mwaka 2017 kikaondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000. Kiliepua vyungu vyote, kikavifungia ndani. Asiyesikia akakosa. Anayesikia naye akakosa.

"Mbona walifanya hivyo, mjomba?" Walisema gharama ni kubwa. Si uongo, kuandika manukuu ya maelfu ya video zilizokwisha kurekodiwa ni kazi kwelikweli. Lakini kwa nini ziliachwa zikafika maelfu? Hapo ndipo ninapowalaumu. Wapo pia waliowanung'unikia wale viziwi wawili, kana kwamba mwenye njaa ndiye aliyefunika chungu! Mwaka 2022 chuo kilikubaliana na serikali kwamba kitavirekebisha vitu vyake vya kwenye intaneti ili watu wenye ulemavu nao wavitumie.

"Kwani mwalimu hana wa kumwonyesha jinsi ya kufunua vyungu?" Anaye. Kanuni za kutengeneza kurasa zinazomfaa kila mtu zipo tangu mwaka 1999, zinaitwa WCAG. Zinataka picha ziwe na maelezo, video ziwe na manukuu, na kila kitu kiwezekane kwa kibodi. Hata rangi zimo: maandishi ya kijivu hafifu juu ya ukurasa mweupe hayakubaliki, kwa sababu mwenye uoni hafifu hayapati. Mwalimu akizifuata siku anapoandaa somo, kazi ni ndogo. Akingoja mpaka mwanafunzi alalamike, somo limeshampita huyo mwanafunzi.

"Na sisi wadogo, tufanyeje?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja. Ukituma picha kwenye kundi la darasa lenu, andika chini yake kuna nini: "Jogoo mwekundu juu ya paa la bati." Mkitengeneza video ya shule, wekeni manukuu, kisha myasome wenyewe kabla ya kuituma. Anzeni leo, msingoje mwalimu awaambie.