Barua ya shukrani isiyo na ukweli haijengi urafiki

KATIKA vijiji vya Kata ya Samuye, mkoani Shinyanga, kama ilivyo kwingineko Usukumani, neno "wabeja" husikika mara nyingi kwa siku. Ndiyo asante ya Wasukuma, nayo kwa kawaida hutolewa ana kwa ana, mtoaji akiwa mbele ya macho.

Mambo hubadilika pale mtoaji anapokuwa ng'ambo na hajawahi kukanyaga kijijini. Hapo shukrani hulazimika kusafiri kwa maandishi, na barua yenye mhuri wa kijiji huwa ndiyo macho na masikio ya aliyetoa.

Miongoni mwa jumuiya zilizozoea kuandikiana barua za namna hiyo ni Rotary, chama cha kimataifa cha kujitolea kilichoasisiwa na wakili Paul Harris mjini Chicago, Marekani, Februari 23, 1905. Hapa nchini, klabu ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1949, na baadaye nyingine zikafunguliwa mikoani, ikiwamo Mwanza.

Barua za wanachama hao ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya salamu za heri: mwanachama anapotembelea klabu ya nchi nyingine hupokewa kama ndugu, klabu hubadilishana vibendera, na baadaye huandikiana kushukuru. Barua hiyo haidai hesabu yoyote.

Ya pili ni ile inayofuata msaada, nayo ina uzito wake. Chini ya utaratibu wa ruzuku za kimataifa za Mfuko wa Rotary, mradi hudhaminiwa na klabu mbili: moja ya nchi unakofanyika na nyingine ya nje. Bajeti yake haipungui dola 30,000 za Marekani. Klabu hizo hutakiwa kutoa taarifa kila mwaka hadi mradi ukamilike, na taarifa ya mwisho ndani ya miezi miwili baada ya kukamilika.

Kwa hiyo, barua ya shukrani haichukui nafasi ya taarifa. Hata hivyo, wachangiaji wengi hawasomi majedwali ya fedha; wanachokisoma na kukisomeana mkutanini ni barua. Ikiwa barua inasema "kila kitu ni kizuri" huku pampu ikiwa imekufa, watakaodanganyika ni wale wale wenye uwezo wa kusaidia matengenezo.

Jambo hilo limo katika maswali manne ambayo wanachama wa Rotary hujiuliza kabla ya kusema au kutenda. Maswali hayo yaliandikwa na mfanyabiashara Herbert Taylor mwaka 1932, na Rotary ikayapokea mwaka 1943. La kwanza linahusu ukweli, la pili haki kwa wote wanaohusika, la tatu nia njema na urafiki, na la nne manufaa kwa wote. Ukweli umetangulia, urafiki unafuata.

Mfano wa maji unafaa kueleza hatari iliyopo. Maji ya ardhini katika baadhi ya maeneo ya Mkoa wa Shinyanga yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi sana kwa muda mrefu, meno huharibika rangi, na baadaye mifupa huathirika. Kisima kinaweza kutoa maji mengi siku ya uzinduzi, picha zikapigwa na barua ikaandikwa, kumbe maji hayo hayajapimwa.

Aidha, tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yamekuwa chini ya RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndivyo huendesha miradi na kukusanya michango ya watumiaji. Barua inayofaa ingetaja vipimo vya maji, idadi ya kaya zinazochota, fedha za matengenezo zilizopo na nani mwenye dhamana ya pampu.

Ni vyema pia kutofautisha zawadi na wajibu. Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, kampuni za madini hutakiwa na sheria, iliyorekebishwa mwaka 2017, kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kuuafiki na halmashauri. Mwananchi anaweza kuushukuru mgodi kwa uungwana, lakini ana haki ya kuuliza utekelezaji. Mwanachama wa klabu ya ng'ambo hakulazimishwa na sheria hiyo. Alitoa kwa hiari, na anachostahili ni ukweli.

Wapo wanaosema kushukuru ni kuomba tena, na kwa sababu hiyo viongozi huogopa kuandika habari mbaya wasije wakakosa msaada mwingine. Hofu hiyo inaeleweka, lakini gharama yake hulipwa na mama anayerudi kuchota maji lamboni baada ya pampu kuharibika.

Dawa yake ni nyepesi. Barua isomwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi, kabla ya kugongwa mhuri. Wanaokitumia kisima watajua kama yaliyoandikwa ni kweli, na wakiridhika, shukrani hiyo itakuwa imetoka kwao.